Ule Mwanamuke wa Mwisho wa Kaseti

Hapana, hakukuwa mwanamuke. Nani aliwaambia kulikuwa mwanamuke? Ni ule Dokta wa ku interneti, ule Rémy, njo aliingiza mwanamuke mu nyumba ambamo hata sketi haikukuwa. Na muzee Félicien, karibu apoteze akili juu ya ule mwanamuke. Mukae basi, tuanzie mahali panafaa, na musikate-kate maneno.

Félicien munamujua wote. Katekista wa zamani wa hapa Kasuku, mu muji wa Kindu, muntu murefu, mashavu imeingia ndani, anavaa koti hata kama jua inapasua mawe. Siku ile alikuwa amekaa ku sebule ya Mama Riziki, mujane wa Masudi, mbele ya ordinatere, ile kompyuta ya Rachida. Rachida njo mutoto wa Masudi, mutoto mumoja tu. Ule mwenye kibanda pale karibu na soko, anachaji simu za watu na kutia miziki mu telefone. Félicien alikuwa anaangalia vichwa vya watu mu ile ordinatere, vimepangwa mu vidirisha sawa njiwa mu kibanda chao, na nyuma ya kila kichwa kabati ya vitabu.

Akauliza pole pole, "Rachida, mwanangu, hawa watu wote wanaishi mu makabati?"

"Baba Félicien, mikro iko wazi. Wanakusikia."

"Wasikie. Masikio ni yao."

Kutoka ku jiko, Mama Riziki akapaza sauti: "Chakula imeiva zamani! Hawa wazungu wenu hawana saa ya kula?"

"Si wazungu wote, mama. Dokta Rémy ni mutoto wa Alunguli, hapa ng'ambo ya muto."

"Basi njo mubaya zaidi! Mutoto wa Alunguli anaacha wali inapoa!"

Sasa musikilize kile Félicien alikuwa anatafuta pale, juu hakukuja kuangalia vichwa. Tangu Rachida akiwa mudogo, Félicien alikuwa anamuambia: "Baba yako hukumuona, lakini sauti yake utaisikia. Iko ku mwisho wa kaseti yangu. Mashine tu njo hatuna." Mutoto alikulia na ile ahadi sawa wengine wanakulia na shamba. Na siku mashine ilipatikana, wakasikiliza mupaka mwisho, na ku mwisho ikatoka sauti ya mwanamuke. Sauti nyembamba, mbio-mbio, sawa kuku anafukuzwa.

Rachida hakulia. Aliuliza tu: "Baba Félicien, huyu mama ni nani?"

Félicien hakumujua. Hajawahi kumuona. Kutoka siku ile hakulala vizuri, juu aliona mutoto anamutazama sawa unatazama muzee mwenye kichwa imeanza kuvuja.

Turudi ku vita kidogo. Ile mwaka muji ulikuwa umefungwa. Wenye bunduki ndani, wenye bunduki inje, na sisi katikati sawa karanga mu kinu. Treni imekufa. Muchele umesimama ku mashamba, unaoza, na hakuna wa kuuvuna, juu ukienda kuvuna unavunwa wewe. Tulikula majani ya viazi, kisha majani ya muhogo, kisha majani ambayo hata mbuzi alikuwa anatuangalia na mshangao. Riziki alikuwa na mimba kubwa, alikuwa amekwenda kwa mama yake kule Tunda kuzaa, na Odette, muke wa Félicien, alimusindikiza. Barabara ikafungwa nyuma yao. Basi wanaume wakabaki wenyewe na watoto wa Félicien, na wa majirani, wote mu nyumba ya Masudi, juu ilikuwa ya matofali na risasi haipendi matofali.

Masudi alikuwa muislamu, wa wale wangwana wa zamani walitoka pwani, muntu munene kabla ya vita, na sauti yake nzito sawa lori inapanda mulima. Félicien mukatoliki wa kukauka. Wale wawili walikuwa wanataniana kutoka asubuhi mupaka magharibi, wasipotaniana watu wanauliza nani amekufa.

Watoto wa njaa hawalali. Basi jioni Félicien akawa anawapa hadithi. Alichukua ile habari ya nabii wa zamani, ule alipelekwa utumwani, akakaa kando ya muto, akaona wingu inakuja kutoka kaskazini na moto ndani, na magurudumu ndani ya magurudumu, yenye macho pande zote. Félicien akaitia chumvi yake. Muto ikawa Lualaba. Kaskazini ikawa upande wa Punia. Magurudumu ikawa mashine, kubwa kupita treni, imetoka ku nyota moja mbali kabisa, inaendeshwa na viumbe wa nyuso nne, na kila gurudumu inageuka bila kugeuka. Imekuja kubeba watu wa Kindu wote, iwapeleke ku nyota ambako chuma ya kufanya bunduki haijaota bado. Watoto wakafungua midomo. Safari ikaenda jioni nyingi, wakapita mwezi, wakapita jua, wakakuta muji wa watu wanaongea na mwanga.

Kisha kamutoto kamoja kakauliza: "Na mu ile mashine wanakula nini?"

Félicien akafikiri kile nabii alipewa kula, akasema ukweli: "Nabii alipewa kitabu. Akakula kitabu, na ilikuwa tamu sawa asali."

Masudi akacheka mupaka akashika ukuta. "Katekista! Watoto wana njaa, unawapikia karatasi? Mungu wako hana hata sufuria? Toka hapo, niache mimi nimalize."

Na akamaliza yeye. Tena alikuwa na radio ya kaseti, akasema tuitie yote ndani, Riziki akirudi asikie, asiseme tulikuwa tunalala tu. Félicien akahadisia mwanzo, pole pole, upande wa kwanza na kipande cha upande wa pili. Masudi akashika mwisho. Wakati Masudi anafika ku chakula watoto walikuwa wamelala wote, hata mumoja hakuifikia. Félicien peke yake njo alisikia.

Siku chache kupita, Masudi alivuka muto kutafuta muhogo. Muhogo aliupata, kurudi hakupata. Maiti hatukuiona. Radio nayo ikachukuliwa na watu wa kuchukua. Kaseti ikabaki kwa Félicien, ndani ya sanduku ya bati, pamoja na rozari.

Basi njo ile kaseti. Rachida aliitia ku interneti na neno moja chini yake: kama kuna muntu anajua huyu mama ni nani, aniambie. Mutoto alikuwa anatafuta baba yake tu. Nani alijibu? Watu wa makabati.

Musiniulize wanafanya nini kule. Rachida alijaribu kuelezea Félicien. Ni watu wa kuchunguza Biblia. Wanachukua kitabu, wanakipasua vipande, wanasema hii aliandika fulani, hii aliandika mwengine, hii iliongezewa nyuma. Walianza na Musa, wakamunyanganya vitabu vyake vyote mbele ya watu. Wakamaliza manabii. Walipokosa wa kupasua wakakuta kaseti ya Kindu. Mumoja anaandika kurasa makumi mbili, mwengine anaandika makumi mbili kusema ya kwanza ni bure, na wote wanapeana vidole gumba na vimioyo vyekundu. Félicien alisema: "Wanaonja muvuke wa sufuria na wanakwenda kuambia watu wameshiba."

Na wakamupasua Félicien. Eh! Muzee muzima, anakunywa chai, na wakamupasua. Siku ile ya konferansi, ile ya vichwa mu vidirisha, Dokta Rémy alionyesha ku ordinatere picha ya rangi tatu. Alikuwa na miwani, na sauti sawa ya muntu anatafunia wenzake chakula.

"Chers collègues, wenzangu, tuko na watu watatu. Kindu A, sauti ya muzee, anajua Biblia. Kindu B, sauti ya kijana, iko juu kidogo, yeye njo alileta mashine na nyota, tuseme hadithi ya kubuni ya sayansi. Na Kindu C, mwanamuke."

Félicien akainuka nusu. "A na B wote ni mimi!"

"Papa, utapewa dakika zako," Dokta akasema, na akatabasamu vile unamutabasamia mutoto anavuta nguo. Akawageukia wenzake: "Ule ni muelezaji wetu. Watu wa kule wanaelewa mapokeo kama mali ya muntu mumoja, ni kawaida."

Mama moja profesere wa nywele nyeupe, sijui wa inchi gani, akainua mukono ya manjano ya ku ordinatere, ile ya kuomba neno. Akasema yeye anaona B alitazama filme za mashine za mbinguni. Mwengine akasema hapana, B alisoma vitabu. Wakabishana. Ku Kindu mu ile vita, filme! Tulikuwa tunatazama mulango tu.

"Sasa, C," Dokta akasema. "Ule mwisho wa chakula. Wenzangu, ni wazi uliongezewa vita ikiisha. Muntu mwenye njaa ya kweli hawezi kuhadisia karamu, moyo hauwezi. Tena ni sauti ya mwanamuke, na mu muanzo muko kule kugonga sawa ngoma ndogo, alama ya ibada. Naona hapa kikundi cha wamama, nyuma ya vita, wanafundishwa kuponya moyo. Mwisho muzuri, lakini si wa hadithi. Mu kitabu chetu tutaukata."

Félicien akatazama Rachida. "Huyu hajalala na njaa hata siku moja," akasema kwa nguvu, na mikro iko wazi. "Muntu wa njaa anaongea nini, Dokta, kama si chakula? Anaongea mapazia? Sisi mu ile nyumba tulikuwa tunapika kwa mudomo kutoka asubuhi! Tulikuwa tunagombania chumvi, chumvi ambayo haiko! Muntu mwenye kushiba njo anaongea magurudumu."

Kichwa kimoja kikatuma kamoyo kekundu.

"Asante papa, ni ushuhuda wa kugusa," Dokta akasema. "Swali moja tu. Unasema mwisho ni wa rafiki yako Masudi. Ile sauti ku kaseti, unaihakikisha ni yake?"

Hapo njo palikuwa pabaya. Félicien alifungua mudomo. Kusema ndiyo ilikuwa rahisi, na nani angemukatalia? Lakini Rachida alikuwa kando yake, mikono ku magoti, na Félicien hajawahi kumudanganya.

"Hapana," akasema. "Maneno ni yake. Lakini ile sauti siijui."

"Njo hivyo. Tunashukuru kwa ukweli wako. Tusikilize kidogo, kisha tupige kura."

Rachida akainamisha kichwa. Félicien akavuta koti yake sawa muntu anasikia baridi, na jua ya saa saba iko inapiga mabati.

Dokta akafungulia mwisho wa kaseti. Kelele ya kaseti kwanza, sawa mvua mbali. Kisha: tok-tok, tok. Kisha ule mwanamuke wa kuku, mbio-mbio.

Kumbe Mama Riziki alikuwa amefika ku mulango, amebeba sufuria ya wali na mikono miwili. Yeye hajawahi kusikiliza ile kaseti. Alisema zamani: maiti sikuiona, sauti siitaki. Tena mu muji walikuwa wanamuletea maneno: ku kaseti iko mwanamuke, mu nyumba yako, mu kitanda yako labda. Alikuwa amemukasirikia Félicien mwezi muzima, anamupikia lakini hamusalimii.

"Nani anagonga kifuniko yangu?" akauliza.

"Ni ngoma ya ibada, mama," Rachida akasema, sauti chini. "Dokta njo anasema."

"Ngoma ya mama yake! Rudisha nisikie."

Rachida hakuomba ruhusa ya Dokta. Ordinatere ilikuwa na kaseti yote ndani. Akarudisha. Tok-tok, tok.

Riziki akaweka sufuria chini, pale pale ku saruji. Wale hamukumujua Masudi hamuwezi kuelewa. Ku nyumba ya Masudi, na kwa baba yake, na kwa babu yake aliyekuja na wangwana, hakuna muntu anatia mukono ku sahani kabla ya kifuniko kugongwa. Unagonga ku ukingo mara mbili, unangoja, unagonga ku katikati. Ni kwa ajili ya muntu anapita barabarani, asikie kwamba chakula iko, aingie. Masudi alisema kula bila kugonga ni wizi. Tangu akose kurudi, Riziki hakugonga tena. Alikuwa anafunika na kufunua pole pole, sawa muntu anaficha kitu.

"Ni yeye," akasema. "Lakini mbona anagonga mbio? Masudi hakukuwa muntu wa mbio. Alikuwa akigonga mara mbili, ungeweza kwenda kunawa na kurudi mbele ya ile ya tatu."

"Na sauti, Mama Riziki?" Félicien akauliza. "Sauti si yake."

"Sauti nayo iko mbio. Yote iko mbio." Akakunja uso. "Ile radio mulikuwa munaitia pile gani?"

"Pile gani? Zile za kuanika."

Nyumba zote za Kindu ile wakati zilikuwa na pile, zile betri za radio, ku mabati, zimepangwa juani sawa samaki wa kukauka. Zikikufa unazianika, unazing'ata kidogo na meno, zinaamuka nusu saa, zinakufa tena. Félicien akakumbuka. Ile jioni taa nyekundu ya radio ilikuwa imebaki sawa jicho la mugonjwa. Masudi alikuwa anaipiga-piga na kiganja, anaiambia, ngoja bibi, ngoja kidogo, namaliza.

"Mashine ilikuwa inatembea kwa kuchechemea," Félicien akasema, na alikuwa anaisema na kuielewa pamoja. "Ilikuwa inakokota kaseti pole pole, juu haina nguvu. Leo tunaitia ku mashine ya miguu mizima…"

"Inakimbia na maneno," Rachida akamaliza.

"Ndiyo maana hata mimi nilipanda! Mwanzo ni mimi, katikati sauti imepanda, nikafikiri ni njaa! Kumbe njo huyu kijana wao, huyu B! Ni pile!"

Rachida alikuwa tayari anabonyeza. Kazi yake kila siku ni ile, vijana wanamuletea miziki, wengine wanataka iende mbio ya kuchezea, wengine wanataka iende pole ya kulilia. Akaivuta chini kidogo. Kuku akawa mwanamuke. Akaivuta tena. Mwanamuke akawa kijana. Akaivuta tena, na mu ile sebule ikaingia lori inapanda mulima.

Tok. Tok.

Wakangoja.

Tok.

"Karibuni. Mashine imeshuka, mulango iko wazi. Wa ndani musogee, wa inje muingie. Mwenye bunduki, iache pale ku viatu, hakuna atakayeiiba, ni kitu cha aibu. Wali iko. Sombe iko, yale majani ya muhogo, lakini ya mawese, si ya maji. Samaki wa Lualaba, wakubwa, na vichwa vyao. Katekista, wewe utapewa karatasi." Akacheka kidogo pale. Kisha kile kipande ambacho watu wa makabati waliandika haisikiki: "Mama ya nyumba, na wewe ingia. Wewe na ule uko naye ku tumbo. Nimewawekea nafasi upande wangu. Hatuanzi bila ninyi."

Na kaseti ikakufa pale, juu pile ilikufa pale.

Riziki alikuwa ameshika ukuta na mukono moja. Rachida hakugeuka. Akarudisha kile kipande cha mwisho, akasikiliza, akarudisha tena. Ule uko naye ku tumbo. Félicien akatoa leso ya mu koti akapangusa uso, na hakusema nilikuambia.

Wale vichwa walikuwa wamesikia yote, mikro haikuzimwa. Mama wa nywele nyeupe alikuwa ametoa miwani. Lakini Dokta Rémy, eh, Dokta ni Dokta. Akakohoa.

"Inapendeza sana. Kweli inapendeza. Lakini kimetodi, kwa njia ya uchunguzi wetu, tuwe na busara, juu mashine inaweza kushusha sauti yoyote, hata ya mwanamuke. Napendekeza tuiite Kindu D."

"Dokta," Rachida akasema. Hakupaza sauti. "Kaseti ni yangu. Mwisho haukatwi. Ukiukata, naitoa yote ku interneti kesho asubuhi, na wewe utabaki na rangi zako tatu."

"Dada, tuongee. Tunaweza kuweka maelezo chini ya kurasa…"

"Chini ya kurasa muweke ule B wenu."

Félicien akainamia ordinatere mupaka pua yake karibu iguse kioo. "Mwanangu Rémy. Ulizaliwa Alunguli kweli?"

"Ndiyo, papa."

"Basi ulisikia kifuniko kinagongwa. Na wewe, mahali pa kuingia kula, ukaanza kuipima. Pole sana."

Rachida akafunga ordinatere, tap, na vichwa vyote vikaingia gizani na makabati yao.

Wali ilikuwa imepoa. Riziki aliirudisha ku makaa, na Félicien akamufuata mupaka ku mulango wa jiko, na kwa mara ya kwanza mu mwezi muzima Riziki akamuongelesha.

"Nilifikiri mulileta mwanamuke mu nyumba yangu."

"Mu ile vita? Angekula nini?"

"Ungemupa karatasi."

Akacheka, akalia, akacheka tena, anageuza sombe. Kisha akatoa sufuria na kifuniko yake, akaiweka katikati ya mukeka, akachukua kijiko. Rachida alikuwa amesimama, hajui mikono yake aiweke wapi. Mama yake akamupa kijiko.

"Ku ukingo mara mbili. Kisha unangoja. Usikimbie sawa ile kaseti."

Tok. Tok.

Rachida akangoja. Inje, pikipiki ilikuwa inapita. Ikapunguza mwendo, ikasimama. Jirani Soudi akatoa kichwa mu dirisha yake, muzee ule ambaye hajasikia ile kelele tangu vita, akabaki vile, kichwa inje.

Tok.

"Karibuni!" Félicien akapaza sauti kwa barabara yote. Ule kijana wa pikipiki akaingia anauliza kama ni kilio ama ndoa, akaambiwa avue viatu anyamaze. Soudi akaja na ndizi zake mbili, asije mikono mitupu. Félicien akatoa koti, ile koti, akaikunja, akaiweka pale ku viatu. Wakaacha nafasi moja upande wa Riziki, na Rachida akaiona, akapita katikati ya magoti ya watu, akakaa pale.

Wakanawa. Wote wakakaa. Soudi akauliza chumvi iko wapi.